Maji ya Moshi yana wenyewe wangapi?

Mjadala wa kubinafsisha huduma ya maji mijini, ambao nchini Tanzania ulipamba moto mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao huibuka tena kila zinapotafutwa fedha za kupanua mitandao ya mabomba, huendeshwa kwa kawaida kana kwamba pana pande mbili tu, serikali na kampuni. Historia ya maji ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia mifereji ya Machame, Kibosho na Marangu hadi mabomba ya mji wa Moshi, inaonyesha kwamba mgawanyo huo ni finyu mno, kwa kuwa wenyeji wa mlima wamewahi kupoteza sauti juu ya maji yao bila kampuni yoyote kuhusika.

Yafaa kwanza kubainisha kinachobinafsishwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, naye Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo hakuna awezaye kuuziwa mto au chemchemi, na mtumiaji, awe mkulima au mamlaka ya mji, hupewa kibali tu cha kutumia kiasi fulani. Kinachoweza kukabidhiwa ni huduma, nayo hukabidhiwa kwa viwango tofauti: upo mkataba wa uendeshaji, ambapo kampuni hulipwa ujira isimamie kazi, upo ukodishaji, ambapo kampuni hukusanya ankara, hubaki na sehemu yake na kumlipa mwenye mitambo pango, na upo uuzaji wa mitambo yenyewe, kama ulivyofanyika England na Wales mwaka 1989.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro usimamizi wa pamoja wa maji ulikuwapo muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ambayo banio lake hukinga maji juu kwenye makorongo ya mito, kisha huyapitisha kwa mserereko kandokando ya migongo ya mlima hadi kwenye vihamba vya migomba na, baadaye, kahawa, na vilevile kwenye mashamba ya ulezi. Kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioanzisha, mzee aliyeusimamia, zamu zilizojulikana, na nduwa, ambayo ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya usiku ili yatumike mchana. Aliyekwepa kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba kingo zilizobomoka alitozwa faini, na aliyekaidi aliweza kunyimwa zamu. Utaratibu huo haukuwa na usawa kamili, kwa maana ukoo mwanzilishi ulikuwa na neno la kwanza, na wanawake, ambao ndio waliobeba maji ya nyumbani, hawakuketi kwenye baraza lililogawa zamu. Hata hivyo, msimamizi aliishi miongoni mwa watumiaji, na upungufu uliowapata wao ulimpata naye.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza, na baada ya uhuru sheria ya matumizi ya maji ya mwaka 1974, ziliuhamishia utaratibu huo kwenye hati: msingi wa haki ya kutumia maji ukawa karatasi inayotolewa na ofisi, hatimaye kwa ada, badala ya kazi ya mikono iliyouchimba mfongo. Wakulima waliodaiwa kulipia maji ya mfereji uliojengwa na babu zao walikuwa na haki ya kuuliza wanachonunua ni kitu gani, na swali hilo halijapata kujibiwa kikamilifu.

Jaribio kubwa la ubinafsishaji lilifanyika Dar es Salaam. Kampuni ya City Water Services, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania, ilianza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa ukodishaji wa miaka 10, mitambo ikibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya umma ya jiji hilo. Hatua hiyo ilifungamana na masharti ya Benki ya Dunia na ya msamaha wa madeni, na zabuni ilipofika mwisho mshindani alikuwa mmoja tu, jambo ambalo peke yake lilitosha kuondoa faida inayotarajiwa kwa ushindani. Haikupita miaka 2 kabla ya makusanyo kuzorota na pango kutolipwa ipasavyo. Mei 2005 Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, alitangaza kuvunjwa kwa mkataba, na kazi ikahamia DAWASCO, shirika la umma. Julai 2008 jopo la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji liliamua kwamba Tanzania, kwa namna ilivyoiondoa kampuni hiyo, ilikiuka mapatano yake na Uingereza ya kulinda uwekezaji, lakini halikutoa fidia yoyote, kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa imeshapoteza thamani. Kwa mteja wa Dar es Salaam mkataba huo ulikuwa na kasoro kubwa zaidi: aliyempelekea ankara alikuwa mmoja na aliyebaki na dhamana ya mitambo alikuwa mwingine, hivyo bomba lilipokauka kila upande uliweza kumwelekeza kwa mwenzake.

Moshi ilifuata njia nyingine. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi, MUWSA, ilibaki ya umma lakini ikapewa bodi na hesabu zake yenyewe, ikatakiwa kuishi kwa ankara zake, huku bei zikiidhinishwa na EWURA, mdhibiti aliyeanza kazi mwaka 2006. Misaada ya Ujerumani ilisaidia kukarabati mtandao, na mamlaka imekuwa katika daraja A, la mamlaka zinazogharimia uendeshaji wake zenyewe, mishahara na umeme vikiwamo. Ushahidi huu unavunja hoja kwamba shirika la umma haliwezi kusimama bila mwekezaji. Lakini haki inadai pia kukiri kwamba chemchemi za Nsere na Shiri hushusha maji mjini kwa mserereko, ilhali Dar es Salaam husukuma maji ya mto Ruvu kwa pampu kwa makumi ya kilomita. Sehemu ya ufanisi wa Moshi ni fadhila ya mlima.

Fadhila hiyo ina watu wanaoigharimia. Chemchemi hizo hulishwa hasa na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, wala si barafu ya kileleni kama inavyodhaniwa mara nyingi. Msitu huo uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Kaya inayoacha kulima au kukata kuni ili chanzo kidumu haionekani popote katika ankara ya Moshi mjini. Kuwasahau watu wa namna hiyo kuna hatari: mjini Cochabamba, Bolivia, wakulima wa umwagiliaji waliona kwamba sheria iliyoambatana na mkataba wa kampuni iliyokabidhiwa maji ya mji ingegusa mifereji na visima walivyojichimbia, wakaungana na wakazi wa mji, na Aprili 2000 kampuni ikaondoka. Mkataba wowote wa Moshi utakaowahesabu wateja wa mjini peke yao utazaa mgogoro wa aina hiyo.

Zaidi ya hayo, mtaji binafsi sasa huingia kwa mlango mwingine. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Menejimenti inabaki ya umma, na hilo ni jema, ila riba hiyo italipwa na mnywaji wa maji, mvua inyeshe isinyeshe. Endapo Moshi itaiga, masharti ya mkopo yatangazwe kabla ya kusainiwa, yakionyesha nani atalipwa kwanza mwaka wa ukame na sehemu gani ya ankara itarudi kulinda vyanzo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inayotoa vibali vya wakulima na vya mamlaka za miji, ina makao yake Moshi. Hesabu za mkopo huo zisomwe hapo, wazee wa mifongo, kina mama wa vijiji vya juu na wateja wa mjini wakiwa wamekaa pamoja, na wote wakiwa na haki ya kuzikataa.