Je, Wajua? Kipato cha Kaunti ya Mashambani Hukadiriwa Hivi

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,100, na nyingi ni za mashambani. Kila mwaka hutangazwa kipato cha kaya zake. Hakuna karani anayepita mlango kwa mlango kukihesabu. Hukadiriwa, na inafaa kila msomaji wa takwimu ajue hukadiriwa vipi.

Je, wajua kwamba…

1. Kinachotajwa ni kipato cha kaya ya katikati, si wastani? Panga kaya tano zenye dola 20,000, 30,000, 40,000, 50,000 na 900,000. Wastani ni dola 208,000, na kaya nne haziukaribii. Ya katikati ina dola 40,000, na hiyo ndiyo inayosema ukweli kuhusu walio wengi.

2. Sensa ya 1940 iliuliza mishahara ya mwaka 1939, na aliyepata zaidi ya dola 5,000 akaandikiwa “5,000+” basi? Mkulima aliyeishi kwa mazao yake aliulizwa tu kama alipata dola 50 au zaidi nje ya mshahara. Jasho lake la mwaka mzima halikuandikiwa kiasi.

3. Hadi sensa ya 2000, takriban nyumba moja katika kila sita ilijaza dodoso refu lenye swali la kipato, mara moja kwa miaka kumi? Tangu 2005 kazi hiyo imeshikwa na utafiti unaofanywa kila mwaka, ambao sasa hufikia anwani zipatazo milioni 3.5.

4. Kaunti yenye watu chini ya 65,000 haipati majedwali ya kawaida ya mwaka mmoja kutoka kwenye utafiti huo? Majibu ya miaka mitano hujumlishwa. Ukitaka kujua kama kipato kimepanda, linganisha 2010–2014 na 2015–2019. Usilinganishe 2014–2018 na 2015–2019, maana miaka minne ni ile ile.

5. Ofisi ya Sensa ina mpango mwingine unaokadiria kipato na umaskini wa kaunti kwa mwaka mmoja mmoja? Huunganisha majibu ya utafiti na taarifa za kodi, hesabu za wanaopata msaada wa chakula, na sensa. Pale utafiti ulipofikia nyumba chache, hesabu huegemea zaidi kumbukumbu hizo.

6. Msingi wa mbinu hiyo uliwekwa mwaka 1979 na Robert Fay na Roger Herriot? Walikuwa wakikadiria kipato cha vijiji na miji yenye watu chini ya 1,000.

7. Mpango huo ulibadili chanzo chake cha utafiti kuanzia makadirio ya 2005? Ukiona grafu inaruka hapo, usikimbilie kusema watu walitajirika au walifukarika.

8. Chakula ambacho familia ya mkulima inavuna na kukila yenyewe hakihesabiwi kuwa kipato, wala msaada wa chakula wa serikali?

9. McDowell, kaunti ya makaa ya mawe huko West Virginia, ilikuwa na watu karibu 99,000 mwaka 1950, na 19,111 tu mwaka 2020? Watu wakihama kwa wingi hivyo, kaya ya katikati ya leo si ya watu wale wale. Namba inaweza kusogea bila mtu yeyote kuongezewa mshahara.

10. Dola 30,000 za mwaka 2000 zilihitaji kuwa takriban 45,000 mwaka 2020 ili zinunue vitu vile vile? Makadirio ya mwaka mmoja mmoja hutolewa kwa dola za mwaka husika. Ondoa mfumuko wa bei kwanza, ndipo useme kipato kimekua.

11. Kaunti ya Shannon, South Dakota, iliitwa Oglala Lakota kuanzia 2015, na msimbo wake wa takwimu ukabadilika? Asiyejua hilo ataona kaunti imetoweka na nyingine imezuka.

12. Kenya nayo iliwahi kuunganisha vyanzo namna hii? Ramani ya umaskini iliyotolewa mwaka 2003 ilitumia sensa ya 1999 pamoja na utafiti wa ustawi wa 1997, ikipima matumizi ya kaya badala ya kipato.

13. Kila kadirio huja na kiasi cha makosa? Tuseme kaunti ina dola 42,000, na makosa ni 4,000 juu au chini. Mwaka unaofuata ikitangazwa 43,500, huna haki ya kushangilia maendeleo.

14. Mpango ule ule wa Ofisi ya Sensa hukadiria watoto maskini wa miaka 5 hadi 17, na fedha za serikali kuu kwa shule hugawanywa kwa kuzitazama namba hizo? Mtoto wa kaunti ndogo anastahili hesabu makini kama wa jiji kubwa, kwa kuwa kosa la karatasini humpunguzia mwalimu na kitabu. Mwandishi au kiongozi anayezitaja namba hizi na ataje pia miaka iliyojumlishwa, thamani ya dola na kiasi cha makosa.