Fimbo Moja ya Kuvulia Pwani: Mfanyakazi Anunue Ipi?



Ukipita katika mitaa yetu ya Nacala na Pemba siku za mwisho wa juma utawaona vijana wa viwandani na wa mashambani wameshika fimbo ndefu za kuvulia, wanaelekea ufukweni. Zamani kazi hii tuliifanya kwa mshipi wa mkono tu, uliozungushwa kwenye kipande cha mti, na wazee wetu walivua kolekole wakubwa kwa njia hiyo. Mshipi wa mkono haujaharibika na hatuudharau. Lakini mtu asiye na ngalawa, anayesimama mchangani maji ya bamvua yakipiga, hawezi kuutupa mshipi huo mbali. Fimbo ndiyo inayomfikisha pale samaki alipo.

Tunaandika habari hii kwa sababu ya mkopo. Karibu na shamba moja liko duka lililowauzia wenzetu fimbo na rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Seti ile ilikuwa inang'aa kama bati jipya. Mwezi wa pili vyuma vya ndani vya rili vilishika kutu na pete za fimbo zikang'oka, lakini makato yaliendelea mpaka mwezi wa saba. Tulipokwenda kuuliza tuliambiwa kwamba karatasi zimetiwa sahihi, na kweli zilikuwa zimetiwa. Kwa hiyo ndugu, jambo la kwanza ni hili: fimbo ya kuvulia isinunuliwe kwa kukatwa mshahara. Kama fedha haipo, ngoja. Samaki hawahami bahari.

Jambo la pili ni kuijua pwani yenyewe kabla ya kwenda dukani. Pwani yetu ya kaskazini mwa Msumbiji haifanani na ile ya kusini kabisa ya Afrika, ambako mawimbi ni makubwa na watu hutumia fimbo za mita 4 na zaidi. Kwetu mahali pengi pana miamba ya matumbawe mbele inayovunja nguvu za bahari, na nyuma yake maji ni ya kadiri. Ndani ya ghuba, kama ya Pemba au ya Nacala, ni tulivu zaidi, na maji ya Nacala yana kina kirefu karibu na nchi kavu. Mfanyakazi hana fedha ya fimbo tatu, moja ya ghuba, moja ya mchanga na moja ya miamba. Anataka moja itakayomfaa mahali pote hapo, ijapokuwa haitakuwa bora kupita zote katika mahali pamoja.

Fimbo hiyo kwa maoni yetu ni ya mita 3.6, ambayo wauzaji huiita futi 12. Mtu mfupi, au kijana, achukue ya mita 3.3, maana fimbo inayokushinda nguvu haitupi mbali hata kama ni ndefu. Juu ya mpini pameandikwa uzito ambao fimbo imetengenezwa kuutupa. Tafuta iliyoandikwa gramu 100 hadi 150. Fimbo ya gramu 40 ukiifunga risasi ya gramu 150 itavunjika. Fimbo ya gramu 250 ukiifunga risasi ndogo haitapinda, na fimbo isiyopinda haina nguvu ya kurusha. Kumbuka kuwa chambo nacho kina uzito wake, hasa kipande kikubwa cha ngisi kilicholowa.

Ziko fimbo za nyuzi za kioo na ziko za kaboni. Za kaboni ni nyepesi, mtu anaweza kushika usiku kucha, lakini ukiigonga kwenye jiwe au ubao wa lori hupata ufa usioonekana, na siku ya samaki mkubwa ndiyo siku ya kukatika. Tena kaboni hupitisha umeme. Msipite na fimbo iliyosimamishwa chini ya nyaya za umeme, wala msisimame nayo ufukweni radi ikipiga. Kwa mfanyakazi anayesafiri juu ya lori la shamba tunapendekeza nyuzi za kioo, au zile zilizochanganywa. Ni nzito kidogo, lakini huvumilia.

Dukani usiangalie rangi. Ungana vipande vya fimbo, kisha tazama toka mpinini mpaka nchani kama pete zimenyooka mstari mmoja. Chukua pamba kidogo, upitishe ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete hiyo ina ufa na itakata mshipi wako. Kazi hii ni ya dakika mbili, na mwuzaji akikukataza, rudisha fimbo yake.

Sasa rili. Hapa wenzetu wa viwanda vya nguo wana haki ya kujivuna kidogo. Rili inayotumiwa na watu wengi leo, ile ambayo bobini yake imesimama na haizunguki wakati wa kutupa, ilisajiliwa Uingereza mwaka 1905 na Alfred Holden Illingworth, naye alikuwa mwenye kiwanda cha kusokota sufi. Inasemekana wazo lilitoka kwenye bobini za mashine za kiwandani: uzi hauhitaji bobini izunguke ili utoke, unaweza kuvutwa kwa kupitia ncha yake na ukateremka wenyewe. Historia imemwandika mwenye kiwanda. Waliosimama mbele ya bobini zile kutwa nzima haikuwaandika.

Kwa kuwa bobini imesimama, rili hii haimwadhibu anayejifunza. Iko aina nyingine ambayo bobini huzunguka wakati wa kutupa. Hiyo ni imara na ina nguvu ya kuvuta, lakini usipoizuia kwa kidole barabara, bobini hukimbia kuliko mshipi na unabaki na fungu la uzi uliojisokota ambalo utalifungua mpaka alfajiri. Anayetaka fimbo moja ya kutumiwa na watu wengi nyumbani, achukue yenye bobini iliyosimama.

Ukubwa wake wauzaji huutaja kwa namba, 6000 au 8000. Namba hizi hazifanani kwa kila kiwanda, basi soma maandishi yaliyo kwenye bobini. Ikiwa inachukua mita 200 au zaidi za uzi wa nailoni wa milimita 0.40, inatosha. Watakuambia pia ina beringi 10, au 12. Fundi yeyote wa kiwandani anajua kuwa beringi nne nzuri zinapita kumi na mbili mbovu. Shika mkono wa rili uutikise: ukicheza sana, weka chini. Uzungushe polepole usikilize kama unakwaruza. Kisha kaza breki, uvute uzi kwa mkono: lazima utoke kwa nguvu moja, siyo kushika na kuachia, kushika na kuachia. Rili ikikosa breki nzuri haifai hata kama unapewa bure.

Uzi wa nailoni wa milimita 0.35 hadi 0.40, wenye nguvu ya kilo 8 hadi 10, ndio wa kufanyia kazi zote. Jaza bobini mpaka ibaki milimita 2 hivi kufika ukingoni. Ukijaza pungufu, uzi unajisugua kwenye ukingo na hautupi mbali. Ukizidisha, unamwagika wote kwa pamoja. Breki iwekwe iachie kwenye robo au theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa kilo 9, hiyo ni kama kilo 2 na robo hadi 3, na mizani ya kuning'iniza ya mwenye duka la maharage itakuonyesha.

Jambo linalofuata tunaliomba lisomwe mara mbili. Risasi ya gramu 120 inaporushwa kwa nguvu zote, uzi wa kilo 9 unaweza kukatika pale pale, na risasi ikaruka peke yake. Ikimpata mtu kichwani, inaua. Ufukwe wetu siku ya Jumapili umejaa watoto, na akina mama wanaookota kombe. Kwa hiyo mbele ya uzi mwembamba lazima ifungwe nailoni nene ya kupokea ule mshtuko. Hesabu yake ni rahisi: kwa kila gramu 28 za risasi, kilo 4 na nusu za nguvu. Basi risasi ya gramu 120 inataka nailoni ya kilo 20 hivi, ambayo ni ya unene wa milimita 0.60 hadi 0.70. Urefu wake, kwa fimbo ya mita 3.6, uwe mita 8 au 9, ili ujizungushe kwenye bobini mara tano au sita wakati unapotupa. Mtu asiyetaka kufunga nailoni hiyo asisimame karibu na wenzake.

Risasi zenyewe ni gharama, na kwenye matumbawe hupotea kila siku. Wengine wanayeyusha bamba za betri za gari jikoni, katika sufuria ile ile ya familia. Ndugu zetu, risasi ni sumu. Tunadai vifaa vya kujikinga kiwandani kwa sababu ya vumbi la namna hii, kisha tunampelekea mtoto moshi wake nyumbani! Inaingia mwilini polepole na inaharibu akili za watoto wadogo. Kwenye miamba tumieni plagi za gari zilizochakaa, ambazo fundi wa gereji anazitupa. Zifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili zikinasa ukatike huo tu, na ndoana irudi. Kwenye mchanga ndipo itumike risasi ya dukani yenye miguu ya waya, ambayo hushika chini mkondo usiibebe.

Kuhusu ndoana, hesabu yake huwachanganya wengi. Namba 6 ni ndogo kuliko namba 2, lakini ikifika 1 hesabu inageuka, 1/0 ni kubwa, na 4/0 ni kubwa zaidi. Kwa chaa na changu wadogo namba 4 au 2 inatosha, kwa kolekole 2/0 hadi 4/0. Mzia ana meno kama msumeno, anataka waya kidogo mbele ya ndoana. Chambo ni ngisi, kamba, au kipande cha mkizi aliyevuliwa siku ile.

Usiku msishike kitu kwa mkono kabla ya kumulika. Taa ana mwiba mkiani na hongwe ana miiba mapezini. Aliyechomwa atiwe mguu au mkono kwenye maji ya moto, ya kadiri anayoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90, kisha apelekwe hospitali. Na bunju, yule anayejijaza upepo, arudishwe baharini. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa, na hatutaki kuzika mtu kwa ajili ya kitoweo.

Sasa zamu na maji. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku: yakijaa leo saa 10 alasiri, kesho yatajaa karibu saa 11 kasoro dakika 10. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, katika pwani hii maji hujaa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri. Hii ni bahati ya mtu wa zamu ya asubuhi, maana saa mbili za mwisho za kujaa na saa moja ya mwanzo wa kupwa ndizo zenye samaki. Wakati wa maji mafu kujaa huangukia karibu saa 4, na hapo mtu wa zamu ya usiku ndiye mwenye nafasi. Lakini asiende peke yake, na asipande juu ya mwamba akiwa na usingizi. Wenzetu waliotoka Mocímboa da Praia na Palma kwa ajili ya vita vilivyoanza Oktoba 2017 wanajua kwamba ziko fukwe ambazo hazifai kwenda usiku kwa sababu nyingine kabisa, na shauri lao lifuatwe. Vilevile uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya habari za kibali kabla ya kutupa ndoana ya kwanza, kusudi usije ukanyang'anywa fimbo ambayo hata haijalowa.

Katika tawi letu watu wanne wamecheza upatu wakanunua seti mbili nzuri badala ya nne mbovu, moja ya zamu ya asubuhi na moja ya zamu ya usiku. Ugomvi ulitokea mara moja tu, juu ya chumvi. Chumvi ndiyo inayoua rili, siyo samaki. Basi wamekubaliana hivi: breki inalegezwa, rili inafutwa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, siyo kumwagiwa bomba kwa nguvu maana hiyo huisukuma chumvi ndani, pete zote zinafutwa, tone moja la mafuta linatiwa kwenye mkono wa rili, na aliyevua Jumapili ndiye anayeosha kabla ya kumkabidhi mwenzake.