Je, Wajua? Kwa Nini Wamarekani Wamenenepa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, takriban watu wazima 13 kati ya kila 100 nchini Marekani walikuwa na unene wa kupindukia. Kufikia 2018 walishapita 40.

Wapo wanaolaumu uvivu tu. Kweli, magari na kazi za kukaa zimechangia, lakini tazama sahani kwanza. Mwaka 2019, mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha jaribio la watu 20 waliokaa hospitalini takriban mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, na kila mtu ale apendavyo. Milo yote iliandaliwa kwa sukari, mafuta na chumvi zinazolingana. Hata hivyo, kwa vile vya viwandani walikula harakaharaka, wakazidisha kalori zipatazo 500 kwa siku na kuongeza karibu kilo moja. Kwa vile vingine, wakapungua kiasi hichohicho!

Vipimo navyo vimevimba. Chupa ya Coca-Cola ya mwaka 1916 ilikuwa na mililita 192 hivi. Chupa ya plastiki iliyozoeleka madukani Marekani leo ina mililita 591, na ndani yake gramu 65 za sukari: vijiko vya chai kama 16.