Hasira Ikipanda, Simama Kwanza



Foleni ya mgao ni ndefu, habari za nyumbani si nzuri, na mtu anakutukana bombani. Moyo unakwenda mbio, mkono unataka kupiga. Kabla hujafanya lolote, fuata hatua hizi:

1. Simama. Usiseme neno, usiinue mkono.
2. Rudi nyuma hatua chache.
3. Nawa uso kwa maji baridi. Husaidia kupunguza mapigo ya moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo aruke hatua hii.
4. Vuta pumzi polepole ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika chache.
5. Jiulize: nikifanya hivi, kesho nitakuwa wapi?

Mbinu hizi zimo katika tiba iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, aliyetoa kitabu chake mwaka 1993. Kwanza aliwasaidia watu waliotaka kujiua. Haziondoi shida, ila zinakupa nafasi ya kuchagua. Jizoeze kila siku ukiwa umetulia, maana siku ya hasira si siku ya kujifunza.

Ukipata mawazo ya kujidhuru, usikae peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, mwende pamoja kituo cha afya siku hiyo hiyo.