Sab Mbili, Keja Moja

Maze, kuna msee alikuwa anaitwa Aston Barrett. Wasee walimjua ka Family Man. Huyo ndiye alishikilia gita la besi kwa The Wailers ya Bob Marley, na alituacha Februari 2024. Nimekua Eastlands nikimskia kila Jumapili: kwa kinyozi, kwa mathree, kwa dirisha ya jirani akifua. Alafu siku moja nikakaa kwa kochi yangu, Umoja, floo ya tatu, spika safi ziko mbele yangu, nikaweka hizo hizo ngoma, na Family Man hayuko. Gita la kukwaruza liko. Snea iko. Sauti ya kuimba iko karibu hadi unaskia msee akivuta pumzi. Lakini ile laini ya chini, ile inatembea pole pole ka mzee ametoka kuuza ng'ombe, imehepa.

Hizo spika siwezi zisema vibaya. Ni za njia mbili: wufa ya inchi 5 inabeba sauti za chini na za katikati, twita inabeba za juu, na ndani kuna krosova inawagawanyia kazi. Gita, horni, sauti ya mtu, hapo ziko fiti kabisa. Shida ni hewa. Koni ya inchi 5 haina kifua cha kusukuma hewa mob, na ikishuka chini ya Hz 60 inaanza kuchoka. Sasa cheki, ile waya nene ya gita la besi inapiga Hz 41. Family Man alikuwa anaongea mahali spika zangu hazifiki.

Mtaani ukisema unataka besi, kila mtu anakushow ununue "wufa", yaani ile seti ya boksi moja kubwa na vispika viwili ka vikombe, taa za buluu zinawaka ka nganya ya Rongai. Mimi nilidinda. Hiyo boksi mara mob inajua noti moja tu, buu, buu, buu, na vile vikombe havishuki vya kutosha kukutana nayo, kwa hivyo sauti ya mwanaume inapotelea hapo katikati. Nilitaka kitu ya kuongezea zile spika ziko, sio ya kuzifukuza.

Nikashuka tao, Luthuli, nikapata sab, yaani sabwufa, boksi ya besi peke yake, ya mtumba imetoka Uingereza, inchi 10, ampu yake iko ndani. Thao 11. Muuzaji akaniambia imepimwa, haina stori. Nikaibeba kwa mapaja hadi Umoja. Usiku wa kwanza ikaanza kukohoa. Kutoa kitambaa cha mbele, ile pete ya sponji imeshikilia koni imeoza, ukiigusa inabaki unga kwa kidole. Kurudi kwa duka nikaambiwa ikitoka mlangoni ni yako. Hiyo iliniuma, ju ile ganji niliitafuta na jasho. Fundi flani alinibadilishia pete, akaweka ya raba, akanicharge thao 2, na alifanya kazi safi. Kwa hivyo buda, ukienda kununua, toa kitambaa, bonyeza hiyo pete na kidole kabla utoe hata soo.

Nikaiweka kwa kona. Kwa mlango wa jikoni, mdundo ni wa kutingisha vikombe. Narudi kwa kochi, kimya. Naongeza sauti, jikoni inakuwa noma, kwa kochi bado ni stori za jaba. Nilidhani sab imechapa tena. Kumbe ni keja.

Sebule yangu ina mita 4 kwa urefu. Sauti inatembea mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo kwa Hz 43 hivi, nusu ya wimbi inaingia kati ya kuta mbili bila kubaki nafasi. Wimbi linaenda, linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lingine. Kwa kuta zote mbili sauti inajaa. Katikati ya chumba hayo mawimbi yanamalizana. Na kochi yangu ilikuwa wapi? Katikati kabisa, ju hapo ndio tivii inaonekana poa. Hz 43 na Hz 41 ya ile waya ni majirani wa mlango kwa mlango. Ungeniletea sab ya inchi 18 hapo kwa kona, bado ningekaa kwa shimo.

Hapo ndio stori ya sab mbili inaingia, na wasee wengi wanaikosea. Wanadhani mbili ni za kelele mara mbili. Injinia mmoja wa Harman, Todd Welti, mwaka wa 2002 alitoa kazi yake ya kupima mipangilio kibao ya sab kwa chumba cha mstatili, na akaona mbili zikikaa katikati ya kuta zinazoangaliana, besi inalainika sana kwa viti vyote. Nne zinasaidia zaidi, lakini kuzidisha hapo hakulipi. Sababu yake hata mtoto anaielewa. Sab moja kwa ukuta mmoja inabembeza hewa ya chumba ka bembea. Ukiweka ingine upande wa pili, zisukume pamoja, ile bembea inakosa mtu wa kuirusha. Lile shimo la katikati linafukiwa.

Nilikaa miezi minne nikiweka mbao mbao hadi nikapata pacha yake. Lazima zifanane, usichanganye ya inchi 8 na ya inchi 12, ju ile ndogo itakufa ikijaribu kufuata. Moja nikaiweka chini ya tivii, ingine kwa ukuta wa nyuma ya kochi. Ampu yangu ni ya kitambo, haina tundu ya sab, lakini hizi zina mahali pa kuingizia waya za spika. Unatoa waya ingine kutoka pale pale kwa ampu, zile za spika zikibaki, unapeleka kwa sab. Ampu haiskii mzigo, ju sab inachungulia tu ile sinyali, nguvu yake inatoa kwa soketi.

Alafu ikaja jioni ya kuseti, na hapo usiharakishe. Nobu ya krosova niliishusha hadi Hz 60 hivi, mahali zile spika zinaanza kuchoka, ndio zipokezane mzigo ka wakimbiaji wa rilei. Ukiiacha juu sana, sab inaanza kuongea na sauti ya mtu na unaskia imetoka nyuma ya mgongo. Nikadaunlodi programu ya toni kwa simu, nikapanda kutoka Hz 30 hadi 80, beshte yangu amekaa kwa kochi ananiambia wapi inazama, mimi niko magoti na swichi ya fezi, ile inafanya sab zisukume pamoja. Hz 55, kifuniko cha sufuria jikoni kikaanza kuimba peke yake. Tukakifunga kwa kabati. Saa tatu usiku nikarudisha ngoma ya kwanza. Family Man akaingia, kila noti na urefu wake, na nikaskia vidole vikiachilia waya.

Kitu sikutarajia ni venye sasa nacheza chini kuliko mbeleni. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walishaonyesha mwaka wa 1933 kwamba ukishusha sauti, masikio yanapoteza besi kwanza. Ndio maana kila mtu mtaani anafungulia hadi mwisho, anatafuta besi. Ikiwa besi iko na imesambaa vizuri, huna haja. Na sisi tunaishi ploti, maze. Sheria ya kelele ya 2009 inataka mtaa wa kukaa watu ubaki desibeli 35 usiku, lakini hata bila sheria, chini yangu kuna mathe anaamka mangware kuenda Marigiti. Nimekata godoro kuukuu nikaweka chini ya kila sab ndio boksi isitingishe slabu. Inasaidia kiasi, ju besi ya hewani inapita tu. Hiyo ingine ni heshima ya mkono kwa nobu ya sauti. Ikifika saa tatu, nashusha.

Desemba fathe akatoka ocha. Ameskia benga maisha yake yote, kwa redio ya betri. Nikamwekea Shirati Jazz ya D.O. Misiani, ile besi inakimbizana na gita hadi mwisho. Akaweka kikombe chini. Akanyamaza hadi ngoma ikaisha, kidole kikigonga kwa mkono wa kochi, na kilikuwa kinafuata besi, sio gita.

"Kijana yangu," akasema, "huyu wa chini miaka yote alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapo tu, baba."

Akaniambia niirudishe mwanzo.