Rangi ya Mjusi Isitupofushe

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yatujia tunapoitazama biashara ya mijusi wa kufugwa majumbani, iliyoshamiri huko Marekani na Ulaya, na hasa biashara ya mjusi aitwaye tegu. Sisi watu wa visiwani tunayo sababu ya kuitafakari, ingawa kwao mjusi huyo ni mbali.

Tegu ni mnyama wa Amerika ya Kusini. Kwa umbo anafanana na kenge, ijapokuwa si wa ukoo mmoja, na dume aliyekomaa hupindukia urefu wa mita moja. Yupo mwenye mabaka meusi na meupe, ambaye hupatikana Brazil, Uruguay na Argentina. Na yupo mwekundu, wa nyanda kavu za Argentina na Paraguay. Mtoto wa yule wa mabaka huanguliwa akiwa na kichwa cha kijani kibichi, na kijani hicho hutoweka baada ya miezi michache.

Rangi hizo hutokana na chembe za ngozi. Zipo zenye weusi, zipo zenye manjano na wekundu, na zipo zinazorudisha mwanga mithili ya kioo. Asiyeweza kutengeneza weusi hutoka mweupe, na aghalabu hali hiyo haidhihiri mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo maana wafugaji wenye kutafuta rangi adimu hushawishika kupandisha ndugu kwa ndugu. Rangi ikiwa adimu, bei hupanda.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Rangi hutofautiana, lakini tumbo ni lile lile. Awe mwekundu, mweupe au wa mabaka, tegu hula matunda, wadudu na vifaranga, na mayai huyapenda mno. Jike mmoja aweza kutaga mayai 30 na zaidi kwa mwaka. Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, tegu waliotoroka au kuachiwa na waliowafuga wamezaana porini, na wameonekana wakifukua mayai ya mamba wa huko. Mwaka 2021 serikali ya jimbo iliwaingiza katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, lakini ilifika wakati mgeni amekwisha kuwa mwenyeji.

Mfano wa Fernando de Noronha, visiwa vya Brazil katika bahari ya Atlantiki, unatuhusu zaidi. Huko tegu waliletwa katika karne ya 20, na inaelezwa kwamba shabaha ilikuwa kuangamiza panya. Waliowaleta hawakuzingatia kwamba panya hutoka usiku, na tegu hutembea mchana. Panya wakabaki, tegu wakaongezeka, na mayai ya kasa na ya ndege wa baharini yakawa chakula chao.

Nani katika Unguja atakayesema kisa hiki ni kigeni kwake? Kunguru wa Bara Hindi waliletwa hapa katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji. Hadi leo mama mwenye kuku anajua ni nani anayenyakua vifaranga wake. Na kasa wetu bado wanapanda kutaga katika mchanga wa Mnemba. Bara lina nafasi ya kukosea na kusahihisha. Kisiwa hakina nafasi hiyo, kwani kiumbe kilichozoea kuishi bila adui hakina pa kukimbilia.

Hatumlaumu mjusi, maana hakujileta mwenyewe. Wala hatuwakatazi vijana wetu kuvutiwa na viumbe vya mbali. Lakini ni wajibu wa kila mwananchi kutoa habari mapema akimwona mnyama asiyejulikana kijijini kwake, na asiyetaka tena kufuga asimwachie porini kwa huruma. Nao maofisa wetu wa bandari na viwanja vya ndege, wakiletewa kiumbe chochote cha kupendeza, waulize kwanza anakula nini, anazaa mara ngapi, na akitoroka atakamatwa vipi. Swali la rangi liwe la mwisho.