Mofimu kwenye Skrini: Kupanga Mwendo wa Maandishi kwa Programu

Mhadhiri wa mofolojia ya lugha za Kibantu huhitaji mara kwa mara kulivunja neno mbele ya wanafunzi, ili kila mofimu ijitokeze kwa zamu yake. Ubaoni kazi hiyo hufanywa kwa chaki na kistari. Katika slaidi za PowerPoint, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, maandishi huweza kupangiwa mwendo wa kutokea, lakini kwa vipimo vitatu tu: aya, neno au herufi. Silabi haimo, wala mofimu.

Upungufu huu unagusa nadharia ya lugha yenyewe. Kwa tarakilishi, neno ni chochote kilichozungukwa na nafasi tupu. Yaani ni suala la othografia. Kisotho cha Kusini huandika *ke a mo rata*, nacho Kizulu huandika *ngiyamthanda*. Maana ya zote mbili ni "ninampenda". Yakiamriwa yatokee neno kwa neno, maandishi ya Kisotho yatajitokeza kwa vipande vinne vinavyokaribia uchanganuzi wa kimofolojia, ilhali ya Kizulu na ya Kiswahili yatatokea kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi asiyetahadharishwa atadhani kwamba lugha hizi zina miundo tofauti, kumbe zinatofautiana katika desturi ya kuandika. Kipimo cha herufi nacho ni kibaya zaidi: katika *ng'ombe*, konsonanti moja hukatwa vipande vitatu.

Njia ya kuepuka hayo ni kuiamuru programu kwa lugha ya Visual Basic for Applications iliyomo ndani yake. Tangu toleo la 2002, mfuatano wa miendo ya kila slaidi umekuwa wazi kwa lugha hiyo, na amri ya AddEffect huongeza mwendo mmoja mwishoni mwa mfuatano au mahali panapotajwa. Hata hivyo mwendo huo hushikamana na kisanduku au aya, si na sehemu ya neno. Hivyo kila mofimu sharti iwekewe kisanduku chake. Neno huandikwa kwanza likiwa zima; sifa za BoundLeft na BoundWidth hueleza kila kipande kimeanzia wapi na kina upana gani; kisha visanduku hupangwa papo hapo na neno la awali hufutwa. Pambizo za ndani za visanduku ziondolewe, kwa kuwa kwa kawaida upande wa kushoto na wa kulia huachwa pointi 7.2 kila mmoja, nazo hutosha kuzihamisha mofimu zisikae mahali pake.

Swali gumu ni nani akate. Silabi za Kiswahili huweza kukatwa na mashine kwa kanuni ya kukata baada ya kila irabu, mradi kanuni za ziada ziwekwe kwa ajili ya *m-tu*, *n-chi* na maneno ya mkopo kama *lab-da*. Mofimu hazikubali kanuni nyepesi namna hiyo. Umbo *analia* laweza kuwa la mtu atokwaye machozi, au la mtu atumiaye kijiko kula, ambapo *-i-* ni kiambishi cha kauli ya kutendea. Hakuna kinachoonekana katika herufi zake kitakachoamua. Yafaa basi mhadhiri mwenyewe aandike *ni-na-m-pend-a*, na programu ivitumie vistari kama mipaka tu. Uchanganuzi ubaki kwa mwanaisimu.

Faida kubwa hapa ni kwamba mpangilio wa miendo haufungwi na mpangilio wa maandishi. Mzizi *-pend-* waweza kutangulia kwa kubofya mara moja, irabu ya mwisho ikafuata, kisha kiambishi cha mtendwa, cha wakati, na cha mtenda mwishoni. Chaki huweza hayo pia, lakini mhadhiri hulazimika kukisia nafasi ya kuacha.

Kwa Gĩkũyũ kuna tahadhari moja. Kihariri cha lugha hiyo ya programu hakihifadhi herufi zote. *Ĩ* na *ũ* zikichapwa ndani ya amri huweza kuharibika, kwa hiyo hutajwa kwa nambari zake, ChrW(297) na ChrW(361). Kazi ikikamilika, faili huweza kuhifadhiwa kwa namna ya kawaida isiyobeba amri. Miendo iliyokwisha kupangwa hubaki ndani yake.